Kumchezesha mhusika kwa AI: njia nne, na ngoma yenyewe ndiyo mwamuzi

Picha unayo: binti wa katuni aliyejifunga kanga, au mbuzi aliyevaa miwani ya jua, vyovyote vile. Wimbo unao. Kilichobaki ni kumfanya acheze, na hapo ndipo wengi hukwama, maana zana ni nyingi na kila moja hujinadi kana kwamba inamaliza kazi yote. Ukizichambua, zote zinaingia katika njia nne tu, na kila njia ina maana yake ya neno "kucheza". Ya kwanza hubuni mwendo yenyewe. Ya pili huazima mwendo wa mtu aliyerekodiwa. Ya tatu huchora juu ya video ya mtu huyo. Ya nne huunda mwanasesere wa 3D na kuivuta mifupa yake.

Kabla ya kuuliza zana ipi, jiulize ngoma yako inakaa wapi mwilini na inakwenda kasi gani. Singeli iko miguuni na haimsubiri mtu. Chakacha iko kiunoni, nyayo karibu hazitoki mahali pake. Isukuti ya Kakamega inataka mabega. Adumu ya Wamaasai ni kuruka wima. Zana inayoiweza moja inaweza kuiua nyingine kabisa, na haitakuambia.

## Vigezo

Mdundo. Video ya AI hutoka na idadi maalumu ya fremu, yaani picha mojamoja, kwa sekunde. Nyingi za mtandaoni hutoa 24, Wan 2.1 ya Alibaba hutoa 16, na AnimateDiff, zana ya kompyuta tutakayoikuta njia ya 3, kwa asili yake ni 8. Hesabu ni rahisi: 60 gawa kwa BPM ya wimbo (mapigo kwa dakika), kisha zidisha kwa fremu za sekunde moja. Wimbo wa BPM 120 unapata fremu 12 kwa kila pigo kwenye video ya fremu 24, na fremu 8 kwenye ile ya 16. Amapiano, inayozungukia BPM 112, inapata karibu 13 na 8 na nusu. Singeli ya BPM 240 inapata 6, au 4, au 2 tu ukiwa kwenye fremu 8. Mguu unaoinuka na kutua ndani ya pigo moja unahitaji walau fremu nne ili jicho lione mguu na si ukungu.

Uaminifu wa mwendo. Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika, na kwa ngoma zetu ndicho kizito kuliko vyote. Programu nyingi zinazosoma mwili wa mchezaji hutumia mifupa ya nukta. Mfano wa OpenPose wa nukta 18 unaotumika sana una pua, macho, masikio, shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga mbili, magoti na vifundo vya miguu. Kati ya shingo na nyonga hakuna kitu. Kifua, mgongo, tumbo, hakuna. Kwa hiyo mtu anayekata kiuno huku kifua kimetulia, kwa macho ya programu ni nukta mbili zinazosogea sentimita chache, na mara nyingi usogeo huo huchukuliwa kuwa tetemeko la kipimo na kulainishwa. Unaingiza chakacha, unatoa mtu anayesubiri daladala.

Sura na vazi. Je, uso unabaki uleule hadi mwisho? Na kanga? Kanga ni mtihani mkali: ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa. Herufi za jina huyeyuka haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye video ya AI.

Vifaa, bando na muda. Simu inatosha, au inahitajika kompyuta yenye kadi ya michoro? Utatumia krediti ngapi kupata kipande kimoja kinachofaa?

## Njia ya 1: Picha moja na maelezo ya maandishi

Hapa ndipo walipo Kling ya Kuaishou, Hailuo ya MiniMax, Runway, Luma na Pika. Unapakia picha, unaandika afanye nini, na kwa kawaida unapata kipande cha sekunde 5 hadi 10.

Inavyofanyika. Picha iwe ya wima, 9:16, ikionyesha mwili mzima kuanzia nywele hadi nyayo. Acha nafasi tupu juu ya kichwa, na kila upande upana wa mkono ulionyooshwa. Picha iliyokata miguu huilazimisha programu kubuni miguu, na miguu ya kubuni haifanani na kiwiliwili. Mikono iwe mbali na mwili, kwani mkono uliogusana na nguo kwenye picha ama hugandia hapo, ama huchomoka na kipande cha nguo.

Kwenye maelezo, andika mwendo mmoja kwa kila kipande. "Anazungusha nyonga polepole, nyayo hazitoki mahali pake, kamera imetulia" hufanya kazi kuliko "anacheza chakacha kwa furaha". Jina la ngoma pekee usilitegemee. Eleza viungo vya mwili kimoja kimoja, na kwa Kiingereza rahisi, maana ndiko programu hizi zilikofunzwa zaidi. Usiposema kamera itulie, jiandae kuzungushwa.

Mdundo na mwendo. Nyingi ya programu hizi hazisikii wimbo wako. Hata zile zinazotoa sauti, kama Veo 3 ya Google, hutunga sauti yao zenyewe. Kwa hiyo mdundo unaletwa wakati wa kuhariri. Tafuta sehemu mbili zinazofuatana ambapo mguu unatua au nyonga inafika mwisho, upime muda kati yake. Ikiwa ni sekunde 0.60 na wimbo wa BPM 112 una pigo kila sekunde 0.536, gawa: kasi ya kuweka kwenye CapCut ni 1.12x. Ukivuka 1.3x hivi, nguo na nywele huanza kusema ukweli kwamba video imekimbizwa.

Kiuno hapa ni bahati nasibu. Unaweza kukipata kizuri sana, kwa sababu programu haibanwi na nukta zozote, lakini huwezi kuagiza mzunguko uleule mara ya pili.

Sura na vazi. Ndani ya sekunde 5 uso hukaa vizuri. Sekunde 10 huanza kuyumba. Wengi huchukua fremu ya mwisho na kuifanya picha ya kuanzia kipande kinachofuata. Kila mara rangi hukolea na ukungu huongezeka, hadi mhusika wa kipande cha nne anakuwa binamu wa yule wa kwanza. Afadhali urudi kwenye picha asilia kila mara na kuficha maungio kwa kukata kwenye pigo.

Vifaa na gharama. Simu na bando, basi. Ila piga hesabu ya krediti kwa vipande vinavyokubalika. Video ya sekunde 15 inataka vipande vitatu vya sekunde 5. Kama kimoja kati ya vinne ndicho kinachofaa, umelipia kumi na viwili.

Kinachoharibika. Miguu kuteleza sakafuni kama aliyevaa soksi kwenye vigae. Mguu wa kushoto kugeuka wa kulia wanapopishana. Vidole, bado.

Inamfaa nani. Anayetaka vipande vifupi vya kuchangamsha: mnyama anayecheza, watazamaji nyuma ya mwimbaji, bibi wa katuni anayeyumba kwenye kadi ya harusi. Hapa mbuzi wako ana nafasi nzuri, kwa sababu hakuna mtu anayejua mbuzi hucheza vipi hasa.

## Njia ya 2: Kuhamisha mwendo wa mtu halisi

Unatoa vitu viwili: picha ya mhusika, na video ya mwongozo yenye mtu anayecheza. Programu hubeba mwendo wa pili na kuuvisha wa kwanza. Viggle ilipata umaarufu kwa kazi hii mwaka 2024. Runway ina Act-Two. Alibaba ilitoa Wan2.2-Animate mwaka 2025, ambayo ina hali mbili: kuipa picha mwendo wa video, au kumtoa mtu ndani ya video na kumweka mhusika mahali pake. Watu huchanganya hali hizi kisha wanalalamika kwamba mandhari imepotea. Ya kwanza hubaki na mandhari ya picha, ya pili hubaki na mandhari ya video.

Inavyofanyika. Nusu ya ubora iko kwenye kurekodi, na hapo ndipo watu hawaweki jitihada. Weka simu kwenye stendi usawa wa kiuno, karibu mita 3 kutoka kwa mchezaji. Mwili mzima uonekane hata mikono ikiinuliwa. Ukuta usio na michoro, nguo za rangi tofauti na ukuta, na zenye kubana. Dera hapana: hufunika magoti, na programu ikikosa magoti huyakisia. Rekodi mchana nje, kivulini, au ongeza kasi ya shata hadi 1/250 ya sekunde kama simu yako inaruhusu, kwa sababu mkono ulioacha ukungu nyuma yake haupati nukta.

Fremu ya kwanza ya video ifanane na mkao wa picha. Picha imesimama mikono chini, mchezaji aanze amesimama mikono chini. Ukianza katikati ya hatua, sekunde ya kwanza itakuwa na mtu anayekunjika kama kiti cha plastiki.

Kisha sawazisha fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 zinazopandashuka kidogo kidogo, na fremu 300 za sekunde 10 zikisomwa kama 24 zinakuwa sekunde 12.5, wimbo na miguu vinaachana. Kwenye kompyuta, kwa programu ya bure ya ffmpeg, amri ni hii:

ffmpeg -i ngoma.mp4 -vf fps=24 -an ngoma24.mp4

Badili 24 iwe 16 kama unatumia programu ya fremu 16. Kwenye simu, toa video upya kutoka CapCut ukichagua fremu 24.

Mdundo na mwendo. Kwa mikono, miguu na mabega njia hii ni tamu, kwa sababu mdundo unatoka kwa binadamu aliyeusikia wimbo. Kwa singeli kuna mbinu ya zamani ya wapiga video: cheza wimbo kwa nusu kasi, BPM 240 iwe 120, mchezaji acheze hivyo, pitisha kwenye AI, kisha harakisha mara mbili. Kila pigo linapata fremu 12 badala ya 6 wakati wa kutengenezwa. Gharama yake ni kwamba sekunde 30, ambazo ndizo kikomo cha Act-Two, zinakuwa 15, na nguo inayodondoka itadondoka haraka mno. Mvishe mhusika suruali.

Kiuno ndicho tatizo, hasa kwenye programu zinazotegemea mifupa ya nukta. Mchezaji anaweza kukuza mwendo makusudi: aongeze upana wa nyonga karibu mara moja na nusu kuliko kawaida, na aruhusu magoti yafuate, kwa sababu magoti yana nukta na yatalisaidia jambo hilo kuonekana. Itaonekana amepitiliza kwenye video ya mwongozo na itakuwa sawasawa kwenye katuni.

Sura na vazi. Uso unakaa vizuri kuliko njia ya kwanza, mradi mchezaji asigeuke. Picha yako ina upande wa mbele tu. Akizunguka, programu inabuni mgongo, na mara nyingine inaweka uso kisogoni kwa kuwa imechanganya kushoto na kulia. Kata video pale anapogeuka, na kwa sehemu hiyo tumia picha ya pili inayoonyesha mgongo. Kanga yenye jina iache. Tumia kitambaa cha rangi moja, au chenye maua makubwa.

Vifaa na gharama. Zana za mtandaoni zinahitaji simu tu, pamoja na bando la kupakia video. Sekunde 15 za 1080p huweza kufika MB 30, kwa hiyo punguza hadi 720p kwanza. Wan ni ya wazi na haina malipo, lakini Wan2.2-Animate ina vigezo (namba za ndani zinazopima ukubwa wa modeli) bilioni 14 na si kazi ya laptopu ya kawaida. Watu hukodi kadi ya michoro (GPU) ya mtandaoni kwa saa.

Kinachoharibika. Maumbo yasiyolingana. Mhusika mwenye kichwa kikubwa na mikono mifupi akipewa mifupa ya mtu mzima, ama shingo inarefuka ama viganja vinapita ndani ya kichwa. Wawili wakipishana, hubadilishana miguu. Na kwa adumu, usimfuate mrukaji kwa kamera: kamera ikipanda naye, programu haioni kwamba ameruka.

Inamfaa nani. Msanii anayetaka changamoto ya dansi ya wimbo wake ichezwe na mhusika wake, hatua kwa hatua, bila kununua kompyuta.

## Njia ya 3: Kuchora juu ya video

Wazo hili lina umri mkubwa. Max Fleischer alipata hataza ya rotoskopu mwaka 1917, mashine ya kuchora juu ya filamu ya mtu halisi fremu kwa fremu, na miaka ya 1930 hatua za mwanamuziki Cab Calloway zilinaswa hivyo hivyo kuwa katuni. AI imebadilisha mchoraji tu. Zana za mtandaoni kama DomoAI hufanya kazi hii kwa kubofya. Wanaotaka udhibiti hutumia ComfyUI, programu ya kompyuta ya kuunganisha hatua za AI kwa visanduku viitwavyo nodi, wakiwa na AnimateDiff, inayozipa picha mwendo, na ControlNet, inayoilazimisha AI ifuate umbo la video, au Wan2.1-VACE.

Mdundo na mwendo. Safari hii naanzia hapa, kwa sababu ndiyo sababu ya kuichagua njia hii. Programu haipewi nukta 18 peke yake. Inapewa ramani ya kina, yaani kila sehemu ya mwili iko mbali kiasi gani na kamera, pamoja na mistari ya kingo. Nyonga ikisogea, umbo zima linasogea. Kanga iliyofungwa kiunoni ikitikisika, mtikisiko unabaki. Kwa chakacha, kwa sebene ya Kongo, kwa mauno ya aina yoyote, hii ndiyo njia inayopoteza kidogo kuliko zote zinazotumia video.

Inavyofanyika. Kwenye ComfyUI, anza na 512×896 na fremu 32 tu za majaribio. Kiwango cha kubadilisha picha, kile kinachoitwa denoise, kikiwa 0.45 mtu bado anatambulika na umepata rangi za katuni, kikiwa 0.7 umepata mtu mwingine na mwendo umeanza kulegea. Kwa ControlNet, jaribu kina kwa 0.7 na mistari kwa 0.4. Mistari ikizidi, mikunjo yote ya nguo halisi inachorwa kama makovu. Ukiridhika na fremu 32, ndipo uachie zote. Sekunde 15 kwa fremu 24 ni fremu 360, na hutaki kugundua kosa kwenye ya 300.

Sura na vazi. AnimateDiff hutazama fremu 16 kwa mkupuo, kisha mikupuo huunganishwa kwa kupishana fremu chache. Kwenye maungio hayo ukuta unapumua na vifungo vya shati vinaongezeka. Dawa ni kurekodi mbele ya ukuta mtupu, kumkata mchezaji, na kuweka mandhari ya picha isiyosogea nyuma yake. Mtetemo wa rangi ukibaki, usipambane nao sana. Kwenye katuni ya mkono jicho linausamehe.

Uso ukiwa mdogo kwenye fremu huyeyuka. Rekodi vipande viwili: mwili mzima, na kuanzia kifuani kwenda juu, kisha upishanishe.

Vifaa na gharama. Kadi yenye GB 8 za kumbukumbu inatosha kwa AnimateDiff ya ukubwa huo. Wan 2.1 ndogo, ya vigezo bilioni 1.3, watengenezaji wake wanaitajia GB 8.19, kwa hiyo kadi ya GB 8 inahitaji kubanwabanwa. Muda ndio mkubwa hapa: si wa kutengeneza, wa kujifunza ComfyUI. Wikendi mbili za kwanza zitaisha kwenye ujumbe mwekundu unaosema nodi fulani haipo.

Inamfaa nani. Kikundi cha ngoma kinachotaka ngoma yake ile ile ionekane kama mchoro. Haimfai mwenye mbuzi. Umbo la mwisho ni umbo la mchezaji; ukitaka mtoto mwenye kichwa cha boga, umbo hilo litagombana na ramani ya kina na wewe ndiye utakayeshindwa.

## Njia ya 4: Mwanasesere wa 3D

Hapa AI inasaidia sehemu mbili, kuunda umbo na kunasa mwendo. Iliyobaki ni kazi ya mikono.

Inavyofanyika. Tengeneza picha ya mhusika akiwa amenyoosha mikono pembeni. Ipitishe Hunyuan3D ya Tencent, Meshy au Tripo upate umbo la 3D. Lifungue kwenye Blender, ambayo ni ya bure, upunguze nyuso zake, yaani vipande bapa vinavyoliunda, hadi elfu 20 au 30, maana yanayotoka huwa mazito bila sababu. Lipakie kwenye Mixamo, tovuti ya Adobe ambayo nayo ni bure kwa mwenye akaunti, uweke alama kwenye kidevu, vifundo vya mikono, viwiko, magoti na kinena. Inakupa mifupa. Miguu ikigusana kwenye umbo, au kanga ikifunga mapaja yote mawili, Mixamo huishona nguo kwenye mguu mmoja mmoja na kanga inapasuka katikati mhusika anapopiga hatua. Mfanye kwanza mwenye suruali, kanga iongezwe baadaye ndani ya Blender kama kitambaa.

Dansi zilizomo Mixamo ni hip hop, salsa, samba na za namna hiyo. Za kwetu utazirekodi mwenyewe, kwa masharti yale yale ya njia ya 2, kisha Rokoko Vision au DeepMotion igeuze video kuwa mwendo wa mifupa.

Mdundo na mwendo. Baada ya hapo kila kitu ni chako. Fremu 12 kwa pigo? Sogeza ufunguo wa mguu (alama ya mkao, keyframe) hadi fremu ya 12, na utue pale kwa uhakika ambao njia nyingine haina. Kiuno kinakuzwa kwa kuchagua mkunjo wa mzunguko wa mfupa wa Hips na kuukuza mara 1.4. Angalia mtego: Hips ni mzazi wa mifupa yote ya Mixamo, ukiuzungusha peke yake mwili mzima unageuka kama mlango. Zungusha Spine upande wa pili kwa kiasi hicho hicho ili kifua kitulie, na fungia nyayo kwa IK, mbinu ya Blender inayozishikilia mahali pake. Ukipata mizunguko minane mizuri, unairudia wimbo mzima.

Sura na vazi. Haibadiliki kamwe. Kanga inabaki na jina lake, herufi kwa herufi, kwa kuwa ni picha iliyobandikwa. Ila uso wa 3D unaotoka kwa AI una macho yasiyofumba, na kuyatengeneza ni shughuli nyingine.

Vifaa na gharama. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inaendesha Blender na mhusika mmoja kwa Eevee, injini yake nyepesi ya kutoa picha. Pesa kidogo, muda mwingi.

Inamfaa nani. Anayejenga mhusika wa kudumu: katuni ya watoto ya YouTube, kinyago cha timu, chapa ya biashara.

## Ruhusa, kwa njia zote nne

Mmiliki wa wimbo habadiliki kwa sababu anayeucheza ni katuni. Video ya mwongozo uliyoitoa kwenye akaunti ya mtu ni kazi yake. Muombe, au cheza mwenyewe. Sura ya mtu halisi ni taarifa binafsi, na Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. TikTok na YouTube zote zinataka useme kama video inayofanana na uhalisia imetengenezwa kwa AI. Katuni iliyo wazi kuwa katuni haina shida hiyo, lakini mtu halisi anayechezeshwa ngoma asiyoicheza ana shida kubwa.

## Hali yako ikoje?

Una simu tu na video inahitajika kesho: njia ya 1, vipande vitatu, ukate kwenye mapigo. Usiahidi hatua fulani.

Una simu, na hatua zenyewe ndizo biashara, kama dansi ya kiitikio inayotakiwa kuigwa: njia ya 2. Tumia muda wako kurekodi vizuri, sio kujaribu programu ya tano. Ikiwa ni singeli, nusu kasi.

Ngoma ni ya kiuno: njia ya 3 kama mhusika ana umbo la mtu, njia ya 4 kama hana. Kama huwezi kompyuta kabisa, jaribu zana ya mtandaoni ya kuchora juu ya video kwanza kabla ya kugusa njia ya 2.

Mhusika atarudi wiki ijayo na wiki ya kumi: njia ya 4, hata kama mwezi wa kwanza utaonekana umepotea. Unaweza pia kuchanganya: mchezeshe kwa 3D, toa video bila mapambo, kisha uipitishe njia ya 3 ili ipate mwonekano wa mchoro wa mkono. Mwendo unatoka mahali ulipoudhibiti, urembo unatoka mahali ulipo rahisi.

Kundi la watu kumi kwenye mstari: njia ya 2 ikwepe. Ukiwa na wachezaji halisi, njia ya 3. Usipokuwa nao, njia ya 4, nakili mwanasesere mmoja mara kumi, na umcheleweshe kila mmoja kwa fremu moja au mbili nyuma ya jirani yake, wengine mbele. Wakienda sawa kabisa wote kumi, wanaonekana gwaride.